Mjadala: Usalama wa vijiji vya Kusini unaamuliwa na kura ipi?

Mleta mada, Tandahimba

Wadau wa Mtwara na Lindi, salaam. Kila kampeni mgombea ubunge hupanda jukwaani akaahidi kituo cha polisi, kukomesha wizi wa korosho mashambani, kumaliza ugomvi wa wakulima na wafugaji. Tunapiga makofi. Lakini OCD, yaani mkuu wa polisi wa wilaya, hapangwi na mbunge, na kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya inaongozwa na mkuu wa wilaya, mteule wa Rais. Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inampa hata uwezo wa kuamuru mtu awekwe ndani hadi saa 48. Mbunge hana uwezo huo.

Marekani masherifu, yaani wakuu wa polisi wa kaunti, na waendesha mashtaka wengi wa kaunti wanapigiwa kura. Watafiti Huber na Gordon walionyesha mwaka 2004 kwamba majaji wa Pennsylvania walirefusha vifungo kadiri siku yao ya kupigiwa kura ilivyokaribia. Kule kura inafika mpaka gerezani, kwa heri au kwa shari. Kwetu, kura inayogusa ulinzi wa kila siku ni ya mwenyekiti wa kijiji au mtaa, na ndiyo tunayoidharau.

Tazameni Lindi. Wafugaji walioondolewa Usangu na Ihefu, Mbeya, kuanzia 2006 walielekezwa huku kwetu, Kilwa, Liwale na kwingineko. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeweka ardhi ya kijiji chini ya halmashauri ya kijiji, na haigawi bila idhini ya mkutano mkuu. Sasa mwenyekiti akikubaliana na watu wawili watatu, ng'ombe wakaingia usiku, ufuta ukaliwa, mapanga yakatoka, tunapigia simu polisi. Wanafika watu wameshakatwa. Kosa lilianza siku tuliyomchagua mtu bila kumuuliza lolote.

Msimamo wangu: mgombea uenyekiti asipewe kura mpaka aseme hadharani nani watakaa kwenye kamati yake ya ulinzi, doria ya msimu wa korosho italipwa kwa fedha ipi, na malisho yanaishia wapi. Karibuni tujadili.

Mchangiaji, Mtwara Vijijini

Kaka, mbona umeusahau mpaka wetu na Msumbiji? Kijiji cha Kitaya kilivamiwa Oktoba 14, 2020, wiki mbili kabla ya uchaguzi mkuu, na wapiganaji waliovuka mto Ruvuma kutoka Cabo Delgado, Msumbiji. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa. Mwenyekiti yupi angewazuia? Rudi 2013, vurugu za kupinga bomba la kupeleka gesi ya Mtwara Dar es Salaam: uamuzi ulitoka juu, na askari wa kuzituliza waliletwa kwa amri ya juu. Novemba 2018 Serikali ilitangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Hakuna mkutano wa kijiji ulioulizwa. Bajeti ya polisi inapitishwa bungeni. Mkiwaachia wabunge bila kuwabana, mtakuwa mmeachia fedha yenyewe.

Mchangiaji, Nachingwea

Mimi naunga mkono nusu. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024 chama kimoja kilichukua zaidi ya asilimia 98 ya viti, na wapinzani walilalamika wagombea wao kuenguliwa. Mwenyekiti aliyepita bila mpinzani atamwogopa nani? Hayo maswali yako matatu atayajibu akitaka.

Mleta mada

Ndugu wa Mtwara Vijijini, Kitaya ilikuwa vita, na mpaka ni kazi ya jeshi, sibishani. Mimi nazungumzia korosho zinazookotwa usiku na mwenye shamba kalala, kangomba, mnunuzi wa magendo, anayezipokea bila kuuliza zimetoka wapi, na jirani anayewajua wote wawili. Hao hawapatikani kwa bajeti ya Bunge peke yake.

Halafu kuna jambo ambalo hata wabunge wetu hawalisemi. Uchaguzi mkuu huangukia Oktoba, wakati korosho zinaokotwa na minada inaanza. Mwezi huohuo askari na mgambo wanahitajika kwenye mikutano ya kampeni na vituo vya kura. Mwaka wa uchaguzi kijiji kisichopanga doria yake mapema kinabaki wazi.

Ndugu wa Nachingwea, umegusa penyewe. Kura bila ushindani inamlegeza kiongozi, na mimi nataka ushindani urudi. Lakini mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kuitishwa kila miezi mitatu, na pale mwenyekiti anaulizwa na watu wote, wenye kadi ya chama na wasio nayo. Tumeiacha haki hiyo wenyewe.

Naomba kila atakayechangia aanze na hili: mkutano wa mwisho kijijini kwako ulifanyika lini, na ulinzi ulikuwa kwenye ajenda?