Naomba ushauri: skrabu ya sukari inajitenga na mafuta

Ndugu wanachama, nawasalimu na kuomba msaada wenu. Natengeneza skrabu ya mwili, yaani mchanganyiko wa kusugulia ngozi, kwa kuchanganya vikombe 2 vya sukari laini na kikombe 1 cha mafuta ya nazi. Ngozi hulainika vizuri, na sukari naipenda kuliko chumvi kwa sababu haichomi sana penye mchubuko. Lakini baada ya muda mafuta hupanda juu, sukari hutuama chini, na kwa kuwa mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya takriban nyuzi 24, wakati wa baridi mchanganyiko wote huwa mgumu kuchota. Nimejaribu kuongeza sukari, nikapata skrabu inayokwaruza mno; nikachanganya na mafuta ya alizeti, ugumu ukapungua ila kujitenga kukazidi. Sitii maji kabisa, maana unyevu hukaribisha ukungu, na vitamini E huchelewesha tu mafuta kuchacha, haizuii vijidudu.

Je, nta ya nyuki au siagi ya shea ingeushika mchanganyiko huu, na kwa kiasi gani? Na je, kwa skrabu inayokaa bafuni, ambako matone ya maji ni vigumu kuyaepuka, kihifadhi (kiambato cha kuzuia vijidudu) ni cha lazima hata kama skrabu yenyewe haina maji?