Msituuzie magitaa mabovu kisha mkasingizia hewa ya bahari

Wanajamvi, nina hasira na sitaificha. Nimenunua gitaa la besi kwa muuzaji wa Nairobi anayetangaza mitandaoni. Jina lake nalishika kwa sasa kwa sababu jambo lenyewe halijaisha. Gitaa limefika Malindi bovu. Nilipomwandikia, alinijibu hivi tu: hiyo ni hewa ya bahari ya huko kwenu, sisi tumetuma kitu kizima. Baada ya hapo simu zangu hapokei.

Hewa ya bahari! Mzigo nimeuchukua ofisi ya basi asubuhi, boksi limefunguliwa mchana huohuo mbele ya mpiga kinanda wetu. Ni hewa gani inayokula chuma kwa nusu siku?

Naueleza ubovu wenyewe kwa kirefu, kwa sababu najua humu mna wapigaji watakaoelewa, na wengine mko mbioni kununua. Ni besi ya nyuzi nne ya mtindo wa Jazz, iliyotumika, Sh 38,000 pamoja na mfuko wake. Nilipokaza nyuzi hadi kwenye sauti zake, shingo ikavutika mbele na nyuzi zikapaa. Besi iliyotengenezwa vizuri, ukipima kwenye freti ya 12 (freti ni vile vipande vya chuma vinavyokatiza shingo), nafasi kati ya uzi na freti ni milimita mbili, mbili na nusu hivi. Ni unene wa kadi tatu za benki zikibebanishwa. Hapa ziliingia sita na bado zinacheza. Huwezi kupiga bango, muziki wetu wa pwani, saa mbili mfululizo kwenye harusi na nyuzi ziko juu hivyo. Vidole vitachubuka kabla bwana harusi hajaingia.

Shingo kupinda peke yake nisingelalamika. Magitaa yote hupinda kidogo, na ndiyo maana ndani ya shingo mnawekwa trasi-rodi, ile nondo nyembamba ya chuma. Nyuzi nne za besi zikikazwa zinavuta kwa nguvu inayopita kilo 70, usiku na mchana, na nondo hiyo ndiyo inayoshindana nazo. Unaingiza spana, unazungusha nati robo mzunguko, unasubiri, unapima tena. Kazi ya dakika chache. Ya gitaa hili inazunguka bure. Haishiki kitu. Ama aliyelimiliki kabla yangu aliikaza kwa spana isiyo yake mpaka meno yakaisha, ama nondo imekatika huko ndani. Vyovyote iwavyo, hilo limefanywa na mkono wa mtu.

Kisha ukilishika gitaa ukachungulia kutoka kichwani kuelekea mwilini, unaona upande wa uzi mnene umeinuka na upande wa uzi mwembamba umelala. Shingo imejipota. Hata nondo ingekuwa nzima isingeponya, maana inanyoosha mpindo wa mbele na nyuma, mpoto haiuwezi. Shingo haijipoti ndani ya basi la usiku mmoja kutoka Nairobi. Hilo ni gitaa lililokaa sana mahali pabaya, nyuzi zimekazwa, hakuna aliyelijali.

Na kutu. Zile skrubu ndogo za kupandishia na kushushia nyuzi zimeganda kabisa, na juu ya kutu yake pamepakwa mafuta mapya ya kung'arisha ili kwenye picha zimeremete. Nimeyafuta kwa kitambaa, kitambaa kikatoka na rangi ya udongo. Nikafungua kifuniko cha vitufe vya sauti: lehemu mbichi, imemwagwa ovyo, juu ya waya za zamani. Pikapu ya nyuma, kile kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi, haisemi.

Hapo kwenye pikapu ndipo aliponiongezea uongo wa pili. Nilimwambia kuna mvumo mzito nikichomeka, akasema ni stima mbovu ya Malindi. Nisikilizeni. Besi ya mtindo huu ina pikapu mbili za koili moja moja, na zimesukwa kinyume ili zikifunguliwa zote kwa kiwango sawa mvumo wa moja uufute mvumo wa nyingine. Moja ikifa, hakuna wa kumfuta mwenzake. Umeme wetu ni wa hezi 50, na noti ya sol ya chini, ile ya freti ya tatu kwenye uzi mnene, ni hezi 49. Vimekaribiana mno. Kwa hiyo unaporekodi, ule mvumo unakaa palepale zinapokaa noti za besi, na ukijaribu kuuondoa kwa kompyuta unaondoa na besi yako. Stima ya Malindi ina makosa yake na tunayajua sisi tunaoishi nayo, lakini besi yangu ya zamani imechomekwa kwenye soketi ileile, kwa waya uleule, na haivumi.

Najua atakuja mtu hapa kuniambia ningeuliza kabla ya kulipa. Niliuliza! Niliomba picha ya shingo iliyopigwa kutoka kichwani. Nikaletewa picha ya mgongo. Niliuliza kama trasi-rodi inafanya kazi. Nikajibiwa "iko sawa kabisa, juzi imefanyiwa sevisi". Niliomba video ya mtu akipiga kila uzi, kwanza na pikapu ya mbele pekee, kisha ya nyuma pekee. Ikaja video ya sekunde chache, vitufe vyote vimefunguliwa, na ngoma zinapiga nyuma yake. Yote hayo ninayo kwa maandishi. Kwa hiyo tusiseme alikuwa hajui. Mtu anayeombwa picha ya shingo akatuma ya mgongo anajua anachokificha.

Sasa kuhusu hiyo hewa ya bahari, kwa sababu linaloniuma zaidi ni kufundishwa pwani na mtu wa bara. Sisi tunaijua. Watengenezaji wengi wa magitaa wanashauri unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55, na Malindi miezi mingi ya mwaka tunapita 70. Mbao hunywa maji, shingo husogea, freti hupoteza mng'aro, tundu la waya hushika chumvi na kuanza kukwaruza. Uzi mpya wa chuma unapoteza ukali wake upesi. Haya yote ni kweli, na yote huja polepole, na kila moja tunajua dawa yake.

Besi yangu ya zamani nimeilinda kwenye chumba hikihiki huku mtaa wa Barani, Malindi. Haigusi ukuta wa nje, maana kuta hizi za mawe ya matumbawe zinabaki na unyevu wiki nzima baada ya mvua ya masika. Iko ukuta wa ndani, mbali na dirisha linalopokea kusi. Nikimaliza kupiga nafuta nyuzi na freti kwa kitambaa kikavu, kila mara, hata kama nimechoka. Mfukoni mna vipakiti vya silika, vile vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, na vikishiba navikausha kwenye kikaango kikavu kwa moto mdogo. Nikiondoka kwa muda mrefu, nyuzi nazilegeza kidogo tu. Sizilegezi mpaka mwisho, maana shingo isiyovutwa na nyuzi nayo husukumwa nyuma na nondo yake. Boksi gumu silitumii kuhifadhia wakati wa mvua, kwa sababu ukifungia unyevu humo ndani unaota ukungu kwenye ile velveti, na ukungu ukishaingia hautoki. Intafesi, kile kifaa cha kuingizia sauti kwenye kompyuta, na maikrofoni zinakaa kwenye kabati dogo lenye balbu ya wati chache inayowaka mchana kutwa. Wazee wa Lamu wanaopiga udi, chombo cha mbao nyembamba kuliko gitaa lolote, wametunza vyao kisiwani katikati ya maji tangu hatujazaliwa. Na mtu aliyeweka gitaa kwenye stoo ya mabati mpaka likajipota ananiambia mimi habari za unyevu!

Sababu ya kututupia kisingizio hiki ni umbali. Wanajua mtu wa Nairobi atarudi dukani kesho yake na kupiga kelele mlangoni. Mtu wa Malindi atahesabu nauli, ubebaji wa mzigo na siku ya kazi aliyopoteza, kisha atanyamaza. Wa Lamu ndiyo kabisa. Kuna kijana ninayemfahamu huko, anarekodi kaswida na udi chumbani kwake, kazi safi kweli. Aliagiza intafesi ya sauti iliyotangazwa kuwa mpya. Basi mpaka Mokowe, kutoka Mokowe boti mpaka kisiwani, kutoka gatini mkokoteni. Kufungua, tundu la waya wa kompyuta linacheza, ukiugusa tu mashine inakatika katikati ya kurekodi. Na namba ya siri ya kusajilia programu zinazokuja na kifaa, ile inayotumika mara moja tu, imeshatumiwa na mtu mwingine. Kitu kipya hicho? Alipolalamika akaambiwa ni chumvi. Chumvi haisajili programu kwa jina la mtu. Kurudisha kungemla karibu robo ya bei, basi amebaki nayo, ameufunga waya kwa utepe asiuguse mtu.

Wengine wanauza amplifaya zilizotoka Japani au Marekani bila kusema neno juu ya umeme. Japani nyumbani ni volti 100, Marekani ni 120, sisi ni 240. Ukichomeka bila transfoma, ukiwa na bahati fyuzi inakufa peke yake, usipokuwa nayo transfoma ya ndani inaungua. Plagi wameshaibadilisha kuwa ya pini tatu ili ionekane ya hapa. Kumbadilishia mtu plagi na kumficha volti ni kumhatarisha, kwa sababu nyumba nyingi zetu hazina waya wa ardhini unaoaminika, na mwanamuziki anasimama pekupeku sakafuni ameshika nyuzi za chuma.

Na maikrofoni! Shure SM58 ilitoka mwaka 1966, na haijulikani ni ngapi za bandia zinazozunguka kwa jina lake. Ya kweli ina uzito wa gramu 298 hivi. Ombeni muuzaji aiweke kwenye mizani apige picha. Mizani ya jikoni inatosha. Akikataa, mmeshajua.

Ninachowaomba wauzaji ni kidogo. Uzeni vitu vilivyotumika, hatuna shida navyo, nusu ya muziki wa pwani umepigwa kwa vyombo vya mtumba. Lakini semeni hali yake. Gitaa la trasi-rodi mbovu lina bei yake, na yuko mtu atakayelinunua kwa ajili ya pikapu na vifungio. Lenye shingo iliyopota lina bei yake pia. Andikeni "shingo imepota, Sh 9,000" na mtalala usingizi. Mkiandika "hali nzuri sana" kwa Sh 38,000 mnakuwa mmechukua fedha ya mtu kwa uongo, na mtu mwenyewe kwa kawaida ni mpiga harusi anayelipwa kwa usiku, aliyekaa miezi akidunduliza.

Na msidhani hatuna pa kwenda. Katiba ya Kenya, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora wa kuridhisha, haki ya kupewa habari anazohitaji kuhusu bidhaa hiyo, na fidia akipata hasara kwa ubovu wake. Iko pia sheria ya kumlinda mtumiaji ya mwaka 2012. Na mahakama ya madai madogo, chini ya sheria ya 2016, inasikiliza madai hadi shilingi milioni moja, na unaweza kusimama mwenyewe bila wakili. Thelathini na nane elfu ni fedha ndogo kwa mahakama hiyo. Kwangu si ndogo.

Muuzaji, ujumbe wangu wa mwisho umeuona, alama mbili za buluu ziko pale. Nataka fedha yote na gharama ya kulisafirisha kurudi. Gitaa limo kwenye boksi lako lilelile, sijabadilisha hata uzi, na fundi ameandika kwa mkono alichokikuta ndani. Ijumaa ikipita bila jibu napeleka madai, na jina la duka nitaliweka hapa likiwa na namba ya kesi.

Walionunua besi, amplifaya au intafesi Nairobi au Mombasa wakaja kuambiwa ni hewa ya bahari, wekeni hapa picha, tarehe ya kupokea mzigo na maneno mliyoandikiana na muuzaji. Wa Lamu, Kilifi, Watamu, wote. Msiweke namba za simu za watu. Nataka kujua kama ni huyu mmoja, au wako wengi wanaotumia kisingizio kimoja.