Naomba ushauri: riwaya za Kijapani za usaliti na kisasi

Ndugu wanajamvi, nawasalimu. Nimeguswa sana na mwanzo wa Arifureta, riwaya ya Ryo Shirakome iliyoanza kutolewa bure mtandaoni mwaka 2013, hasa pale mhusika mkuu, Hajime, anapoangushwa shimoni kwa tufe la moto lililorushwa na mwanafunzi mwenzake, akapoteza mkono wa kushoto na kulazimika kula nyama ya mazimwi ili aishi. Baadaye, kwa maoni yangu, hadithi inauacha uchungu huo mapema mno na kugeukia safari na mapenzi. Naombeni mnielekeze kwenye riwaya ambayo kisasi kinafuatiliwa hadi mwisho, pamoja na yale kinayomgharimu mlipizaji mwenyewe, bila kutegemea matukio ya ubakaji. Tafsiri ya Kiingereza inanitosha.