Mawese yametugeukia sabuni, MOF inaweza kutusaidia kwenye biodizeli?

ticha_ujiji: Habari wakuu. Nafundisha kemia hapa Kigoma, na vijana wangu wa kidato cha sita tunajaribu kutengeneza biodizeli ya mawese. Tulinunua dumu pale Mwandiga, yale yaliyokaa muda maana ndo bei yake nafuu, tukapasha, tukamimina methanoli yenye kostiki soda, tukasubiri glisarini ishuke chini na dizeli ikae juu. Wapi! Ikaanza kuvutavuta, asubuhi tunakuta imeganda rangi ya chungwa, kijiko kinasimama. Sabuni tupu, vijana wamenyong'onyea kweli. Sasa nimesoma Nobeli ya kemia ya 2025 walipewa Kitagawa, Robson na Yaghi kwa hizi MOF (kristali zenye vitundu vidogo sana, vifundo vya metali vilivyoungwa na viungo vya kaboni) na kwamba zingine zinafanya kazi ya kichocheo. Ipo ya kututoa hapa?

mnyamwezi_kemia: Pole mwalimu, vijana hawajakosea. Mawese yakikaa yanavunjika yanatoa asidi huru, na kostiki inaikimbilia hiyo kwanza ndo unapata sabuni. Anza kupima: yeyusha gramu moja au mbili tu kwenye spiriti, maana ukiweka nyingi wekundu wa mawese unaficha ile pinki ya fenoftalini, kiashiria kinachogeuka rangi ukidondoshea kostiki mpaka asidi iishe. Asidi ikizidi asilimia 2 hivi usianze na kostiki kabisa.

MOF yako hapo ni UiO-66, ilitoka Oslo mwaka 2008. Ni vifundo vya zirkoni vilivyoungwa na asidi ya tereftaliki, ileile inayotumika kutengeneza plastiki ya chupa za maji. Zirkoni inaishika asidi huru, methanoli inakuja inaigeuza esta, ndo biodizeli yenyewe, maji yanatoka. Asidi ya sulfuriki nayo inafanya hivyo ila inabaki imechanganyika humohumo mpaka uizimue, hii ni unga, unachuja unaosha unarudia tena. Na kinachonifurahisha mimi: kazi kubwa inafanyika penye kasoro, pale kiungo kilipokosekana zirkoni ikabaki wazi, kwa hiyo kristali iliyokamilika kila upande inachochea kidogo tu.

dada_gungu: Naongezea kwa mkuu hapo juu. Vidirisha vya UiO-66 ni kama nanomita 0.6, molekuli nzima ya mafuta yenye mikia mitatu inapita kwa shida sana, kwa hiyo mwalimu itumie kuondoa asidi huru tu, halafu toa maji, yaliyobaki ndo upeleke kwenye kostiki. Halafu lazima uhakikishe zirkoni haiyeyuki: katikati ya kazi chuja unga wote ikiwa bado ya moto, endelea kupasha kile kimiminika peke yake, kama mmenyuko bado unaenda kwa kasi ileile basi kichocheo kimeshavuja na habari ya kurudia isahau. MOF-5 usihangaike nayo, unyevu wa hewa tu unaibomoa, na mvua zetu hizi!

ticha_ujiji: Asanteni sana. Tunaweza kuipika wenyewe shuleni?

mnyamwezi_kemia: Hapana mwalimu. Njia ya kawaida ni nyuzi 120 kwa saa 24 kwenye DMF, kiyeyushi cha maabara, mvuke wake una sumu na vijana hawatakiwi kuuvuta. Omba gramu chache idara ya kemia ya chuo.

ticha_ujiji: Sawa, nitaandika barua. Jumatatu tunapima lile dumu la zamani na mawese mapya ya juzi, naleta namba zote mbili hapa.