"Mapigo yapo, nendeni nyumbani": mdogo wangu nusura apoteze mtoto wa pili

Wakuu, hili jambo nina siku tisa nalo moyoni. Nilidhani hasira zitapungua, hazijapungua.

Mdogo wangu ana presha ya mimba. Mtoto wake wa kwanza alifia tumboni mwaka 2022, wiki ya 34. Safari hii kadi lake la kliniki limeandikwa kwa wino mwekundu kuanzia ukurasa wa mwanzo: presha, amewahi kupoteza mtoto, ajifungulie hospitali. Ukilifungua tu unajua huyu si mtu wa kumwacha kwenye benchi.

Jumanne ile, wiki ya 35, akaniambia, "Dada, mtoto hachezi kama jana." Nikamlaza ubavu wa kushoto tukahesabu, maana kliniki walishamfundisha kwamba akiwa na wasiwasi alale atulie, na ndani ya saa mbili mtoto acheze walau mara kumi. Tulipata mara tatu. Saa mbili usiku tukapanda bajaji kutoka Tabata.

Hospitali siitaji. Pale mapokezi nesi hakulifungua hata hilo kadi. "Mama, mtoto akikaribia kuzaliwa anatulia, nafasi inakuwa ndogo. Mnunulie soda ya baridi." Jamani, hii kauli inaua watoto! Mtoto anaweza kubadili mchezo, badala ya mateke akawa anajisukuma na kujinyoosha, lakini mtoto mzima anaendelea kucheza mpaka siku ya kuzaliwa. Tukanunua soda. Tukakaa. Saa tano kasoro akaja nesi mwingine na kile kifaa cha kusikilizia kama tarumbeta, akaweka sikio dakika moja hivi. "Mapigo yapo. Nendeni nyumbani, mrudi siku ya kliniki."

Presha hawakupima. Mkojo hawakuomba. Nikauliza ile mashine ya CTG inayochora mapigo, nikajibiwa karatasi zake zimeisha.

Mapigo yapo maana yake mtoto hajafa, basi. Hakuna aliyekwambia kama yuko salama. Presha ya mimba inaenda pamoja na kondo la nyuma lisilopitisha damu vizuri, na mtoto anayekosa hewa anaanza kujibana: anapunguza kucheza ili kidogo kilichopo kiende kwenye ubongo na moyo. Moyo ndio unaosimama mwisho. Ukimsubiri mpaka mapigo yapotee, umemsubiri afe. Mdogo wangu alishaambiwa "mapigo yapo" mwaka 2022, siku mbili kabla ya kuambiwa hayapo.

Sikwenda nyumbani. Nilimwambia dereva wa bajaji atupeleke hospitali nyingine, na Mungu ambariki yule kijana, hakuuliza nauli.

Huko walimpima presha mlangoni: 168 kwa 112. Wakamfunga mikanda miwili tumboni, mmoja wa mapigo ya mtoto, mwingine wa kubana kwa mji wa mimba. Mapigo yalikuwa 140, na kawaida ni 110 hadi 160, kwa hiyo namba ilikuwa nzuri kabisa! Ila mstari ulikuwa umenyooka. Daktari alinionyesha kwamba mtoto mzima akicheza moyo wake unapanda, na ndani ya dakika 20 unatakiwa upande angalau mara mbili, kwa mapigo 15 au zaidi na kwa sekunde 15. Wakaongeza hadi dakika 40, pengine amelala. Hakuna kitu. Altrasaundi ikaonyesha kifua hakichezi kama cha mtoto anayejizoeza kupumua, hajigeuzi, na maji yamepungua, penye maji mengi kuliko pote hapakufika sentimita 2. Ukijumlisha vipimo vyote hivyo vya hali ya mtoto, alipata alama 2 kati ya 10, na hizo mbili ni kwa sababu alikunja na kukunjua mkono.

Akachomwa sindano ya kuzuia kifafa cha mimba, akapelekwa chumba cha upasuaji. Mtoto wa kiume, kilo 1.8. Hakulia haraka. Mpaka leo yuko wodi ya watoto njiti, ila hewa ya mashine ameshaachishwa.

Najua atakuja mtu hapa kusema wauguzi ni wachache. Ni kweli, niliwaona wawili na wodi imejaa, na mimi sijamtukana mtu. Lakini kufunga kile kitambaa cha presha mkononi ni dakika ngapi? Na kama karatasi zimeisha si utuandikie rufaa? Ni mama mwenye wino mwekundu kwenye kadi, anakwambia kwa mdomo wake mwanangu hachezi, unamrudisha Tabata na soda!

Barua ya mganga mfawidhi nimeshaiandika, Jumatatu naipeleka mwenyewe. Aliyewahi kufuatilia malalamiko ya namna hii aniambie nianzie wapi wasipojibu, kwa sababu ushahidi wangu ni mdogo. Nimelikagua kadi ukurasa kwa ukurasa, na Jumanne ile hakuna hata mstari mmoja unaosema tulifika pale.