Lekchara unasoma slaidi neno kwa neno halafu kwenye testi unatuletea pembetatu, kweli?

Wakuu heshima zenu. Nimejikalia kimya siku mbili nisije nikaandika matusi, ila imeshindikana.

Testi ya pili ya probabiliti, swali la tatu: densiti ya pamoja (fomula inayoonyesha uwezekano wa X na Y kwa pamoja umekaa wapi) ni f(x,y) = 8xy, x inaanzia 0 inaishia kwenye y, y inatoka 0 mpaka 1. Je X na Y zinategemeana? Karibu darasa zima tumejibu hapana, kwa sababu slaidi YAKE MWENYEWE inasema fomula ikikatika kipande cha x mara kipande cha y basi hazitegemeani, kwisha habari. Sasa 8xy si inakatika jamani? Tumekula sifuri. Nimemfuata ofisini, hata kichwa hajainua kwenye simu, "nyie hamsomi". Basi.

Aliyenifungua macho ni jamaa wa hosteli aliyewahi kulamba sapu (mtihani wa marudio) ya hii hii kozi. Kachukua karatasi iliyofungiwa maandazi, ina mafuta hivyo hivyo, kachora mraba, kapiga mstari kona kwa kona, kapaka peni nusu ya juu, ndiyo hiyo pembetatu. Akaniuliza x ikiwa 0.8, y inaweza kuwa 0.3? Haiwezi, y lazima iwe juu ya x. Haya, kama kuijua x tu kunaibana y, hapo hazitegemeani kivipi? Tukatafuta majinali (densiti ya kila moja peke yake), ya X ikatoka 4x(1−x²), ya Y 4y³, zizidishe uone kama unapata 8xy. Hupati ng'o! Ile sheria ya kukata fomula inafanya kazi eneo likiwa mstatili, na hicho ndicho kimstari alichokiruka.

Na kwenye integro (ile ya kujumlisha uwezekano wote, lazima itoke 1) wengi tuliweka limiti 0 mpaka 1 kotekote kama maroboti. Ukifanya hivyo jumla inakuja 2, probabiliti ya 2 wakuu!! Tungekuwa tumechorewa hata mara moja si tungeshtuka wenyewe?

Dakika kumi, karatasi ya maandazi. Yeye kamaliza wiki tatu na ubao mweupeee hajaugusa.

Wale wa "chuo ni kujisomea" piteni kushoto, deni la Bodi ya Mikopo nitakatwa mimi sio nyie. Jumatatu anaanza kovarianse (kipimo cha jinsi X na Y zinavyobadilika pamoja), mwenye pepa za zamani zenye michoro atupie hapa tafadhali.