Nasema "prize" mgeni anasikia "price", nakosea wapi?

Mapokezi_Nungwi:
Habarini wakuu. Niko mapokezi kwenye hoteli moja huku Nungwi, mwaka wa tatu huu, kiingereza cha kuandika sina wasiwasi nacho, imeli za wageni najibu mimi, tatizo ni mdomo. Mwaka mpya tulichezesha bahati nasibu ndogo kwa wageni, mama mmoja wa kizungu akashinda chakula cha usiku cha watu wawili ufukweni, nikampigia simu chumbani ashuke achukue "prize" yake. Kimya. Afu ananiuliza kwa ukali "price" gani tena wakati kila kitu kalipa kabla hajapanda ndege. Nikarudia taratibu "no madam, your prize", hapo ndo nikaharibu kabisa, akashuka na risiti zake zote mkononi. Meneja alicheka mpaka akakaa chini, mimi sikucheka.

Toka siku hiyo najichunguza na nimeona sio hilo tu. "Bag" na "back" kwangu zinatoka moja, "eyes" na "ice" hivohivo, "leave" na "leaf", "cab" na "cap". Cha ajabu mwanzoni mwa neno sina shida, "zoo" na "Sue" nazitofautisha vizuri tu, ni mwishoni ndo zinanikimbia. Kuna video wanasema weka vidole kooni usikie mtetemo, naweka, lakini nikilazimisha koo litetemeke mwishoni natoa "praizi" kama nasoma Kiswahili. Kuna aliyepita hapa akatoka?

Chaki_Moro:
Pole kijana ila umeshajijibu hapo kwenye "praizi". Maneno yetu yanaisha na irabu, z ya Kiswahili haijawahi kukaa mwisho peke yake, siku zote ina irabu ya kuegemea. Ukiinyang'anya irabu inakufa inakuwa s, ukiiachia irabu ndo hiyo praizi yako. Nimefundisha kiingereza sekondari miaka mingi na karibu darasa zima huwa liko hapo.

Sasa kitu ambacho video nyingi hawakisemi ni kwamba hata Waingereza wenyewe ile z ya mwisho hawaitetemeshi sana, hasa neno likiwa la mwisho kwenye sentensi, mtetemo unazima njiani. Wanachofanya ni kuvuta irabu iliyo kabla yake. "Price" irabu inakatwa ghafla kama umegusa pasi ya moto, "prize" inavutwa, praaaiz, afu z unaigusa tu unaondoka. Sikio la mwenye lugha linasikiliza ule urefu kuliko hata hiyo z. Ndo maana ukishughulika na koo peke yake hufiki, unashika mkia wakati mnyama yuko mbele. "Back" kata, "bag" vuta. "Leaf" na "leave" shuleni tulifundishwa zote zina irabu ndefu, ni kweli, ila ya "leave" ni ndefu zaidi. Na usiseme ni kitu kigeni, "kata" na "kataa" unazitofautisha toka uko mgongoni kwa mama yako.

Jirekodi kwenye simu ukisema jozi jozi, usisikilize leo, sikiliza kesho asubuhi ukiwa umeshasahau ipi ilianza. Usipojua ipi ni ipi ujue bado.

mzee_wa_mursik:
Hizi vitu si tulifunzwa form one kwa Kiswahili, sauti ghuna na sighuna, yaani zenye mtetemo kooni na zisizo nao, p sighuna b ghuna, tukakariri chati yote ya vipasuo na vikwamizo na hakuna mtu alituambia itasaidia kwa kizungu. Mimi ni Mkalenjin na kwetu p na b ni kitu moja tu, t na d pia, k na g pia, ikipatikana katikati ya irabu inalainika yenyewe bila kuuliza mtu. So vile nilifika Nairobi "bus" yangu ilikuwa "pus" na watu wanacheka ati nashrabu, yaani naongea na lafudhi ya kwetu, niliacha hata kuongea darasani kwa muda.

Yangu shida ilikuwa mwanzo wa neno, si mwisho kama yako, na kooni haikunisaidia hata kidogo. Kilisaidia karatasi. Chukua tishu ishikilie mbele ya mdomo useme "pin" halafu "bin". Ya p lazima irushe tishu, ya b tishu itulie. Juu b ya kizungu ikianza neno nayo haitetemi sana vile watu hufikiria, tofauti kubwa iko kwa pumzi ya p. T na k ni hivo hivo. Lakini chunga, ukisema "spin" tishu isiruke, ikitanguliwa na s ile pumzi inapotea, hiyo nayo ilinichukua miezi.

Binti_Kisauni:
Hiyo ya pumzi nyie wa bara ndio mwafunzwa na tishu, sisi Mvita twazaliwa nayo. Kaa wa baharini ana pumzi, kaa la moto halina. Paa mnyama ana pumzi, paa la nyumba halina. Vitabuni haiandikwi basi watu wakadhani haipo, lakini mkalishe bibi wa Mji wa Kale umsikize.

Na mbona hakuna aliyetaja "th"? Waingereza wana sauti mbili wameziandika kwa herufi zilezile, Kiswahili twaziandika mbalimbali. "Think" ni th ya thamani, "this" ni dh ya dhahabu, basi, hakuna uchawi. Sasa mtu tangu utotoni asema "zahabu" na "samani" hio "the" ataitolea wapi, lazima iwe "ze". Anza na Kiswahili chako kwanza. Ukitaka njia ya kukumbuka, vile vijineno vya kuungia maneno, the, this, that, they, there, then, vyote ni dh. Three, thank, Thursday ni th. "Through" ndio jeuri, kadogo lakini ni th. Na mother, father, brother, katikati mna dh.

Mapokezi_Nungwi:
Dada samani nasema kweli nimejishika kichwa 😂 haya. Chaki_Moro nimejaribu hiyo ya kuvuta, naanza kuisikia. Swali moja, s ya wingi inakuwaje? Maana naandika s lakini kwenye video nasikia z.

Chaki_Moro:
Inafuata jirani yake. Sauti iliyotangulia ikiwa na mtetemo inakuwa z, isipokuwa nao inabaki s. Kwa kazi yako, rooms, keys, towels, beds zote z. Nights, drinks, boats ni s. Na "ed" ya wakati uliopita ni mchezo uleule, "booked" na "checked" zinaishia na t, "cleaned" ni d, sio "buked" na "kliined" ya kusoma kila herufi, hiyo "ed" inasomwa kamili baada ya t na d tu kama "wanted" na "needed".

Alafu kuna yale yanayotudanganya kila dakika kwa sababu ya maandishi. Is, was, has, his, as, yote hayo ni z jamani, watu wazima tumekaa tunasema "iss" na "wass" miaka nenda rudi. "This" ni s, "these" ni z. "Of" ni v, yenye f ni "off". Ukitengeneza hayo machache tu wageni watadhani umeenda kusoma nje maana yanajirudia kila sentensi.

Kibandani_Maskati:
Nyie mnajitesa, huku Oman Kiarabu hakina p kwa hiyo "parking" unaisikia "barking" na Pepsi ni Bebsi na gari zinaegeshwa tu. Miaka minane niko huku sasa na mimi naanza kusema barking 🤦

Baridi_Hamburg:
Mapokezi, huyo mama alikuwa wa nchi gani? Nauliza kwa sababu Kijerumani kina sheria kwamba mwisho wa neno mtetemo unaondoka, mbwa wanaandika "Hund" wanasema "hunt", na "Rad" ambayo ni gurudumu na "Rat" ambayo ni ushauri zinasikika sawa kabisa, hakuna anayejali, wanaelewana kwa muktadha. Wakihamia kiingereza wanakuja na sheria yao, wenzangu wengi kazini "bag" wanasema "back" kama wewe.

Mapokezi_Nungwi:
Subiri kwanza. Mkuu huyo mama alikuwa wa Munich!! Na sasa hivi ndo naelewa kitu kingine, Waitaliano huku wamejaa na wao wanaongeza kairabu mwishoni kama praizi yangu, ndo maana na wao sijawahi kugombana nao.

mzee_wa_mursik:
Hahaha kumbe wote wawili mlikuwa mnasema price.

Chaki_Moro:
Usimpe kichwa, bado anafanya mtihani wa kesho asubuhi. Umesikiliza rekodi?

Mapokezi_Nungwi:
Nimesikiliza. Jozi kumi, nimepatia saba. Prize nimeipata zote, eyes mbili zimetoka barafu. Leo niko zamu ya usiku peke yangu ntarudia tena, mlinzi keshaniuliza mara mbili naongea na nani.